Ngozi ya Kondoo ya Sefania

Sefania wa Lukozi hakuwahi kutaka kitu. Mungu ndiye aliyekuwa akimtakia. Mungu alimtakia mke ambaye baba yake ana ng'ombe wa maziwa. Mungu huyo huyo alimkataza kwenda zamu kwenye shamba la ujamaa siku za mvua. Sisi majirani alikuwa ametuchosha, ila ni mzee wa kanisa, kwa hiyo tulimpa shikamoo yake na kumsonya akishapita.

Mwaka 1972 kaka yake akafa, akamwacha mkewe Raheli na watoto wanne na kipande cha bondeni chenye maji mwaka mzima. Kabichi za pale, we acha tu! Hata matanga hayajaanuliwa vizuri, Sefania akatangaza kwamba anamwuliza Bwana nani alime bonde lile. Angetandaza ngozi ya kondoo uani usiku, kama Gideoni wa kwenye Biblia. Asubuhi ikikutwa imelowa, bonde ni lake.

Jamani, Lukozi, mwezi wa sita! Ukungu wa kwetu unalowesha hata kuni zilizo barazani.

Asubuhi akatuita: mimi, Raheli, mwinjilisti Nikodemo, na Bakari, balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye angepeleka neno kwenye kamati ya kijiji. Akaikamua ngozi mbele yetu, maji yakamchuruzikia viatuni.

"Bwana amesema," akasema, na machozi yakamtoka. Machozi! Nilitamani kumzaba kibao.

Nikodemo akatazama chini. Kila Jumapili anakula kwa Sefania, angesema nini?

Raheli akauliza kwa adabu, "Shemeji, mbona na nyasi zimelowa? Kwa Gideoni nchi ilikuwa kavu."

"Usimjaribu Mungu, shemeji."

"Simjaribu, nauliza tu. Tangu uanze kumwomba, kuna kitu ulichokitaka wewe, yeye akakukatalia?"

Tukamgeukia. Akafikiri. Haki ya nani, alifikiri kweli, midomo ikimcheza. Kisha akajibu bila hata chembe ya aibu:

"Bado."

Bakari akaangua kicheko. Nikodemo hakucheka. Aliinua uso, mara ya kwanza asubuhi ile, akamtazama mwenyeji wake wa kila Jumapili.

"Basi, mzee Sefania, hujawahi kumwomba."

Bakari akasema yeye hana la kupeleka kwenye kamati, bonde ni la Raheli na wanawe. Raheli akatuaga, akachukua jembe, akateremka kupalilia.