Kilio Chumbani mwa Munguti

Kaka yangu Munguti, ambaye Bwana alimchukua mwaka jana, aliwahi kushukiwa kwamba amemfungia mwanamke chumbani.

Hiyo ilikuwa 2002, hapa Kitengela. Kiwanda kilikuwa kimemwachisha kazi, naye akapanga kibanda cha mabati cha Mama Mumbi, nyuma ya duka lake, akaweka televisheni na mashine ya gemu. Hata watu wazima walikuja, si kucheza bali kutazama, maana gemu yake ilikwenda kama sinema: nyumba kubwa yenye giza, msichana mwenye tochi, milango mingi. Diski ilizungumza Kijapani. Munguti hakujua neno hata moja, kwa hivyo hadithi aliitunga mwenyewe kwa Kiswahili, akibadilisha sauti.

Hakuwa na memori kadi ya kuhifadhi alipofikia, na akizima mashine angerudi mwanzo kabisa. Akienda kula aliiacha ikiwaka, akafunga kufuli.

Adhuhuri moja Mama Mumbi akaja kwetu akihema.

"Kamene, huyu kaka yako ameoa?"

"Hapana, Mama."

"Basi ni nani analia kule ndani? Nimeweka sikio kwa mabati. Mtu anatembea, mlango unalia, halafu mwanamke. Na hiyo pazia nyeusi ni ya nini? Leo anafungua ama anahama!"

Niliomba kimoyomoyo. Hata mimi lile giza la kibandani halikunipendeza, lakini bila kibanda hicho Munguti hangekuwa na riziki.

Munguti aliporudi na kufungua, Mama Mumbi alichungulia chini ya meza, akafunua pazia, Biblia kwapani.

"Yuko wapi?"

"Huyo." Munguti alionyesha skrini. "Yuko nyuma ya huo mlango. Hata mimi sijamwona."

"Unanicheza. Fungua."

Kwenye skrini msichana wa tochi akausogelea mlango polepole. Munguti akanong'ona kwa sauti ya mtoto, "Mama, ni wewe unalia?"

Mama Mumbi alinishika mkono hadi ukaniuma. "Ngai! Mwambie asiingie! Huyo si mama yake!"

Munguti akasimamisha gemu. "Sasa nihame, ama nimalize?"

"Maliza kwanza. Lakini mimi sikuamini, kijana."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi na kigoda chake, akaketi mbele kabisa. Hakuwahi kusema amemwamini, wala hakumfukuza. Watu wakipiga kelele aliwanyamazisha kwa ukali, akisema wanamzuia kuchunguza.