Mama wa Dagaa kwenye Ubao wa Tano

Klabu yetu ya sataranji hapa Kampemba hukutana Jumamosi mchana, katika chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga mahindi. Unatoka na unga kwenye nywele. Anayetaka anaingia: mwalimu mstaafu, dereva wa lori, mtu ambaye hajawahi kushika kete. Na tuna desturi moja ambayo wengine wanaiona ya kijinga: kwenye mashindano, mtu anacheza zamu yake ikifika, awe hodari au awe amejifunza juzi.

Mwaka jana, tulipoalikwa na klabu moja ya mjini, watu wa tai na viatu vinavyong'aa, zamu ilimwangukia mama mmoja wa klabu yetu, anayeuza dagaa wanaoletwa kutoka Mokambo, mpakani. Nakiri, nilitaka kumtoa.

Tatizo lake lilikuwa dama, yaani drafti. Aliicheza tangu usichana wake, na katika dama, kete ikiwa ya kuliwa, ni lazima uile. Akaja na mazoea hayo kwetu. Ukimwekea chochote anakula, hata kama ni kumuuza mfalme wake. Wengi wetu tulianza hivyo, lakini yeye yalimganda. Nami si mpole, nilikuwa nampigia kelele.

"Mama, huku haiko lazima kula!"

"Baba, iko pale mbele yangu. Nitaiacha namna gani?"

Siku ya kuandika majina nikamwambia apumzike, acheze mwingine. Hakugomba. Alinitazama tu, akasema, "Kama munanitoa, museme wazi: klabu iko ya bale banajua." Yaani, ya wale wanaojua tu.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamwandika kwenye ubao wa tano, ule wa mwisho.

Huko mjini mpinzani wake alikuwa wakili. Alipomwona na kitenge chake, akamwuliza kama anajua farasi anavyotembea. Mama akajibu kwamba anajua kidogo.

Mbao nne zikaisha: wao mbili, sisi mbili. Tukabaki tumesimama nyuma ya Mama. Wakili akamsogeza farasi wake mbele ya mnara wa Mama, wa bure kabisa. Ulikuwa mtego: mnara ukiacha mstari wa nyuma tu, mfalme amekwisha. Mkono wa Mama ukanyanyuka. Nilitaka kupiga kelele, na sheria inakataza.

Akaurudisha mkono, akaukalia. Kweli, aliukalia. Kwa mkono wa kushoto akasogeza askari mmoja, mfalme akapata pa kutokea. Mtego ukawa umekufa, na yule farasi hakuwa na pa kukimbilia. Zamu iliyofuata akamla, taratibu, bila haraka. Nusu saa baadaye wakili akamlaza mfalme wake ubaoni, kukubali kwamba ameshindwa.

Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Sijawahi kujivunia kitu namna ile, hata siku ya harusi yangu, mke wangu anisamehe. Na nilimwomba Mama radhi palepale, mbele ya wote.

Wakili, uso umemshuka, akaomba wacheze tena. Mama alikuwa ameshasimama, anajifunga kitenge vizuri.

"Ukuye kwetu ku Kampemba," akamwambia. "Usiogope, papa. Tunapokeaka hata bale bangali banajifunza."