Anawachekesha watu kwenye semina kwa kisa changu, na dawa zilikuwa zake

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, naishi Mpuguso hapa Rungwe, nina migomba yangu na chai kidogo. Kabla ya kustaafu nilikuwa mganga mfawidhi wa zahanati, yaani ndiye niliyesimamia wagonjwa, watumishi na stoo ya dawa. Nawaandikia nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Kwanza niwaeleze habari ya stoo, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyoumizwa. Dawa haipangwi ovyo. Inayokaribia kuisha muda hukaa mbele ili itoke kwanza, na yenye muda mrefu hukaa nyuma. Iliyokwisha muda hutengwa, hufungiwa peke yake, na wilaya hujulishwa ili ikateketezwe. Mganga anayeagiza bila kuangalia alichonacho ataletewa asizohitaji, zitamharibikia rafuni, huku mama mwenye mtoto anayechemka homa akiambiwa dawa hakuna. Kazi hiyo niliipenda, na vijana wengi niliwafundisha hivyo bila semina wala posho.

Zahanati ya kata ya jirani ilikuwa chini ya rafiki yangu. Nitamwita Ambakisye, si jina lake. Tulisoma chuo kimoja, na ndoa yake niliisimamia mimi. Masika moja, na mvua ya kwetu mnaijua, alikuja jioni na bajaji ya mizigo imejaa maboksi yaliyofungwa.

"Kaka, paa la stoo yangu linavuja," akasema. "Nihifadhie haya mpaka fundi amalize. Usihangaike kufungua, nimeyapanga mwenyewe."

"Weka pale pembeni," nikamjibu. "Kesho tutayapitia wote."

Kesho yake asubuhi, kabla hajarudi, wakafika wakaguzi. Baadaye nilikuja kujua kwamba walipangiwa zahanati yake na yangu, naye alishanong'onezwa. Walifungua maboksi, wakakuta dawa mseto za malaria na dawa za watoto, zote zimepitwa na muda. Nikampigia simu mbele yao.

"Maboksi gani tena, kaka?" akauliza kwa sauti ya huruma. Akaomba azungumze na mkaguzi, akamwambia, "Mzee wangu huyu ni mtu mwema, ila stoo imemshinda."

Niliomba walinganishe namba za maboksi na zile zilizopokelewa kwake. Sikujibiwa, na maboksi yakateketezwa. Nikavuliwa umfawidhi, na habari ikatangazwa kwenye mkutano wa kijiji. Mama mmoja aliyekuwa amefiwa na mjukuu akasimama na kuniuliza kama ndizo dawa nilizompa. Sikuwa nimempa hizo. Lakini alivyonitazama siku ile ndivyo anavyonitazama hadi leo tukikutana kanisani.

Nilivumilia nikastaafu. Sasa sikilizeni kilichoniamsha.

Mke wa kijana wangu wa pili ni nesi; aliolewa kwetu baada ya mambo hayo, na nyumbani hatuyasimulii. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazungumzi ana kwa ana wala hawaketi pamoja. Wengi wameiacha, sisi bado tunaishika kwa heshima. Akija hupitia mlango wa jikoni, nami hubaki sebuleni. Mwezi uliopita alitoka mafunzo Tukuyu mjini, wanakofundishwa kuagiza dawa kwa kishikwambi. Jiko letu limepakana na sebule, nasikia kila neno.

"Mama, mbavu zinaniuma kwa kucheka," akamwambia mke wangu. "Mwezeshaji katuambia kuna mzee wa huku huku alikuwa anaatamia maboksi ya dawa mbovu kama kuku. Wakaguzi walipofungua akasema eti ni ya rafiki yake."

"Huyo mwezeshaji ni nani?" mke wangu akauliza.

Akamtaja. Ni Ambakisye.

"Kila semina anakisimulia kisa hicho. Yule mzee tumempa jina, Babu Maboksi. Mtu akikosea kuagiza tunamwambia, angalia, Babu Maboksi huyo anakunyemelea."

Nikasikia mwiko umetulia sufuriani.

"Mama, mbona machozi?"

"Moshi tu, mwanangu."

Kumwita siwezi, kumweleza siwezi. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, nikisikiliza mtoto anayeniheshimu kiasi cha kutonitazama usoni akinicheka bila kujua.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu, na mafunzo yajayo yanaalika wajumbe pia. Nimejiandikisha. Nitaketi nyuma kabisa ili Ambakisye asinione mapema. Nataka aumie. Nataka mdomo umkauke mbele ya vijana wanaomwita mwalimu, aulizwe paa lake lilitengenezwa na fundi gani.

Lakini mkwe wangu naye atakuwa ukumbini, anamalizia awamu ya pili. Mke wangu ananiambia, "Mwache huyo mtu, mzee. Mtoto wa watu atauweka wapi uso wake? Akijua ni wewe hataingia tena hata jikoni kwangu." Juzi alilia. Nami nampenda yule binti, amenizalia wajukuu wema.

Msiniandikie habari za kusamehe, hizo mchungaji ameshanipa na nimemshukuru. Kusimama nitasimama. Nishaurini haya tu ndugu zangu: mke wangu amweleze mkwe mapema ili siku hiyo atafute udhuru, au akae pale asikie ukweli pamoja na wenzake? Na Ambakisye nifanyeje, nimkatishe pale anapoanza, au nimwache amalize na ukumbi wote ucheke kwanza?