Kijani cha Chumba cha Bi Zbeida

Hadi anaingia kaburini, Bi Zbeida hakuwahi kuketi nyumbani kwa mtu kabla ya kupitisha kiganja ukutani na kukitazama. Kikitoka na unga wa chokaa, alijua nyumba imepakwa kwa pupa, na mwenye nyumba alihukumiwa papo hapo. Ukuta ndio aliousalimu kwanza, watu walingoja.

Emna, mke wa mwanawe Slah, alikuwa akiifikiria tabia hiyo aliposimama kwenye duka la rangi mjini Kairuani, Tunisia, mkononi ameshika kipande cha plasta ya ukuta. Alikuwa amekibandua chumbani kwa mama mkwe wake, katika nyumba ya zamani ambayo mvua ilikuwa imeipasua kutoka darini hadi sakafuni. Mafundi walisema haitahimili mvua nyingine. Baada ya kusihiwa sana, mama alikubali kuja kwa Emna kukitazama tu chumba alichoandaliwa.

"Kifua kikinibana," alisema, "narudi kwangu jioni hiyo hiyo."

Kwake, yaani chini ya ufa ule.

Maisha yake yote alikuwa amefuma mazulia akiuelekea ukuta wa kijani laini, kama ndani ya tango. Weupe, alisema, ulimchoma macho. Rangi hiyo aliichanganya mwenyewe kila mwaka kabla ya Ramadhani. Emna aliamini kwamba akiipata, mama atakaa.

Hattab, mwenye duka, alikigeuza kile kipande akakichungulia ubavuni.

"Dada, unataka kijani kipi? Humu kila mwaka una kijani chake. Hii ni keki ya matabaka, siyo ukuta."

"Cha juu."

"Cha juu kimekula moshi wa miaka. Mwenyewe anasemaje?"

"Akijua nahangaika hivi, haji."

"Basi mpigie umuulize kijuujuu, kama vile unauliza mapishi."

Emna akapiga simu. "Mama, ukichanganya rangi, unajuaje kwamba imetosha?"

"Ikoleze mpaka uiogope," Bi Zbeida akajibu bila kufikiri. "Ikikauka itafifia. Waoga ndio wanaoishi kwenye kuta za rangi ya maziwa."

Emna akaagiza ikolezwe. Hattab akasita, mkono juu ya kopo.

"Una hakika?"

"Mama mkwe wangu ndiye aliyesema."

"Aa, basi. Mimi mama mkwe sibishani naye, hata akiwa wa mtu mwingine."

Rangi ikiwa bado mbichi ukutani, Emna aliiona imekaribia, akajiambia kwamba ikififia kidogo tu itakuwa yenyewe. Haikufifia. Bi Zbeida alizoea chokaa, ambayo hukauka ikipauka; hii ilikuwa rangi ya kisasa ya kopo, na kadiri ilivyokauka ndivyo ilivyozidi kukoza. Asubuhi chumba kilikuwa kama ndani ya chupa. Emna alifungua madirisha, akavuta mapazia, akayafunga tena. Fundi aliyepaka alikuwa hapokei simu. Slah alikuwa ameshaondoka kwenda kumchukua mama.

Bi Zbeida aliingia, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama. Kilikuwa kisafi. Kisha akainua macho. Emna alimwona akigeuka kuutazama mlango.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa naitafuta rangi ya chumbani kwako. Uliponiambia nikoleze, nikakoleza. Kumbe hii haifanyi kama chokaa. Kesho nitaifuta yote, nakuapia, ila usirudi kule."

"Kwa hiyo ile simu haikuwa ya kuuliza tu?"

"Haikuwa, mama."

"Na huu," Bi Zbeida akaunyooshea ukuta kidole, "nimeuharibu mimi?"

Mama mkwe akaanza kucheka, kwanza puani, kisha mpaka shungi likamteleza begani.

"Miaka yote nawasema watu kwa kuta zao, leo wa kusemwa ni mimi!"

Akaketi kitandani, akavua viatu, akabonyeza godoro kwa ngumi. Emna alibaki ameegemea mlango.

"Mwambie Slah akaniletee godoro langu la sufu kabla hajalizima gari. Hili lenu limelegea kama mkate uliolowa, na mimi siwezi kulilalia mpaka mvua ziishe."