Handaki la Baba Mkwe

Mimi sikusoma sana, lakini trekta zangu hapa Kitale hazikuniuliza cheti. Na mambo ya vita vya zamani nayajua vizuri. Ndiyo maana baba mkwe wangu wa Bungoma alipopata wageni wa kuona historia ya ukoo, aliwaacha wanawe akaniita mimi nihutubie. Heshima hiyo haipewi kila mkwe.

Nilifika mapema na trekta, yeye akiwa ameenda stendi kuwapokea wageni. Nyuma ya nyumba nikaona shimo refu limejaa magugu, limepita kando ya shamba. Aibu gani hii? Nikalifukia, nikasawazisha, pakawa kama uwanja wa mpira. Zawadi yangu!

Wageni walipoketi, nikashika maikrofoni. "Wazee wetu hawakuwa wajinga, bana! Pale kwenye ngome ya Chetambe walichimba handaki, udongo wake wakajengea ukuta. Mzungu alikuja na bunduki za kumimina risasi, na bado alitoka jasho kabla ukuta haujabomoka. Tulishindwa, ndiyo, lakini mpaka leo mtu wetu hainamishi kichwa ovyo!"

Makofi yakalia. Baba mkwe akasimama akitabasamu.

"Asante, mwanangu. Sasa twendeni nyuma mkaone handaki letu wenyewe, lile babu zangu walichimba wakati huo huo."

Nikawafuata nyuma ya nyumba, mimi nikiwa wa mwisho. Mzee alitazama uwanja wangu, akatazama trekta yenye matope mabichi, kisha akanigeukia polepole.

"Kumbe kazi iliyomshinda mzungu na bunduki zake, mkwe wangu ameimaliza kabla ya chai."