Vidonge vya Mikayi na Vyangu

Daktari alituambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba baadhi ya chupa zilikuwa na dawa na nyingine hazina. Nikamtazama vizuri, nikidhani Kiswahili ndicho kimemponyoka. Nikamuuliza ni zipi zisizo na dawa. Akasema hajui, hata yeye amefichwa mpaka utafiti uishe. Haki ya Mungu, nilitaka kusimama niende zangu. Mtu anakupa vidonge kwa mkono wake mwenyewe, halafu ati hajui amekupa nini! Hata muuza omena, hao dagaa wetu wa ziwani, anajua ni debe lipi lina mchanga.

Tulikuwa tumeketi wawili mbele yake, hospitalini Kisumu, mimi na mke mwenzangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wetu alikuwa ameshafariki, tukabaki wajane wawili katika boma moja kule Asembo Bay, tukiuza samaki. Yeye nilimwita Mikayi, maana ndivyo anavyoitwa mke wa kwanza kwetu, na mikayi ana heshima yake: yeye hupanda kwanza, huvuna kwanza, sisi wengine tunafuata. Sote wawili tulipimwa damu, tukaambiwa sukari imeanza kupanda ingawa haijawa ugonjwa wenyewe. Utafiti ule ulikuwa wa kuona kama vidonge vinaweza kuizuia isifike huko.

Mimi sikuogopa sana. Aliyeogopa ni Mikayi. Mama yake mzazi alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, kisha akakatwa wa pili, na Mikayi ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka chooni mpaka alipokufa. Alichotaka duniani ni kitu kimoja tu, azikwe na miguu yake.

Wanasema mgonjwa haulizwi uji, lakini sisi tuliulizwa tena na tena kama tumekubali kwa hiari yetu. Mikayi alikubali kabla swali halijaisha. Mimi nilikubali kwa sababu yeye amekubali. Kila mmoja akapewa chupa yake. Vidonge vyeupe, sawasawa kabisa, huwezi kuvitofautisha.

Haikupita wiki, tumbo la Mikayi likaanza kunguruma. Langu lilikaa kimya. Alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Dawa kali lazima isumbue, akasema, kwa hiyo yenye dawa ni chupa yake. Mimi nikanuna. Sikumwonea wivu, au labda nilimwonea, sijui. Lakini kumeza unga kila asubuhi huku mwenzako anameza uzima, kunauma.

Jioni moja akaja nyumbani kwangu na mkebe mtupu wa majani ya chai. Akaomba chupa yangu. Nikampa, nikidhani anataka kulinganisha. Akamimina chupa zote mbili humo ndani, akafunga, akatikisa.

"Mama, umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nyieka," akasema, maana ndivyo wake wenza wanavyoitana kwetu, "mikayi hali peke yake. Nikibaki na miguu yangu, wewe ukatwe yako, nitapitaje mlangoni pako?"

Nilikasirika. Mtu uliyemnunia anakuletea nusu ya maisha yake! Tena daktari alikuwa ametukanya, kila mtu na chupa yake. Lakini vilikuwa vimeshachanganyika, na hata yeye daktari asingeweza kuvitenganisha. Basi tukawa tunachota kwenye mkebe mmoja. Chupa mpya zikija, Mikayi anamimina humo humo. Kliniki tukiulizwa kama tunameza vidonge, tunasema tunameza.

Utafiti ulipokwisha tulipimwa mara ya mwisho. Sukari ya Mikayi ilikuwa imeshuka, mzima kabisa. Yangu ilikuwa imepanda ikavuka mpaka, nikaambiwa sasa ni ugonjwa, nianze matibabu. Nikacheka, maana kichwa kiligoma. Si tulimeza kitu kimoja?

Daktari akaniita peke yangu. Siku hiyo alikuwa anajua.

"Pole, Mama. Wewe ndiye uliyekuwa na dawa," akasema. "Mwenzako hakuwa nayo."

Nikamweleza habari ya mkebe. Akavua miwani, akainamisha kichwa. Nikamuuliza: kwa hiyo aliyeponywa na nusu ya dawa yangu ni yeye? Ningemeza yote, ningepona mimi? Na lile tumbo lilikuwa linangurumia unga? Akasema kwa mtu mmoja mmoja ni vigumu kujua, na kwa sisi wawili sasa hatajua kamwe. Mpaka leo sijui kama niliibiwa au nilitoa sadaka. Siku nyingine naona hivi, siku nyingine naona vile, na yote mawili yananiudhi.

Nje, Mikayi alikuwa ananingoja kwenye benchi, miguu ameinyoosha mbele yake. Nikamwambia sukari yangu imepanda. Hayo mengine yalikuwa mdomoni kabisa, nikayameza. Akanishika mkono, machozi yakamtoka.

"Nisamehe, nyieka," akasema. "Dawa yangu ningekupa yote."

Nikamwambia hiyo aliyonipa ilitosha.