Pugi wa Kifua Cheupe Hakumalizwa na Mitego ya Mama Zetu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasongo, Bwana Dokta alinipa kisu chembamba, unga wa mahindi na bonge la pamba. Alikusanya ndege kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya, nami nikawapiga kwa bunduki yake na kuwachuna. Unga ulifyonza damu, pamba ilijaza ngozi ili ndege abaki na umbo lake. Nilichuna pugi, wale njiwa wadogo, hadi nguo zangu zikanuka manyoya.

Pugi wetu ni ndugu wawili. Mwenye madoa ya buluu bawani hupenda vichaka na kando ya mashamba; ukifyeka, anabaki. Mwenye kifua cheupe hutaka kivuli cha pori, ukifyeka, anahama. Kwingine wote wawili bado ni wengi. Kwetu, kifua cheupe alikuwa akipungua, na mwenye macho aliona sababu: pori lilikatwa ili tulime pamba kwa lazima, kwa amri ya serikali ya Wazungu na bwana wa kampuni ya pamba.

Nilipohamishiwa Kabambare kwa kazi ileile, mkubwa wa teritware, Mzungu aliyetawala wilaya ile, alipiga marufuku kumtega kifua cheupe. Kufyeka hakukukatazwa! Haukupita muda mrefu, askari wakamleta Mama Zaina, mkulima wa Lusangi, na pugi mmoja aliyechinjwa. Niliitwa kutoa ushahidi. Nikisema ndiye kifua cheupe, mama anafungwa.

"Sema, iko kifua cheupe ao hapana?" mkubwa aliuliza.

"Iko yeye, Bwana."

Mama Zaina alinikazia macho. "Weye mutoto wa Kasongo, unaniuza?"

Hasira ilinipanda, na haikuwa juu yake. "Bwana, huyu mama ameua mumoja, akule na watoto. Mimi niliua wengi kwa bunduki yenu. Na pamba yenu inamaliza pori lote. Kama iko kosa, munifunge mimi kwanza, kisha mufunge bwana wa pamba!"

"Kazi yako ni kuchuna, hapana kuamua kesi!"

"Basi kuanzia leo sichuni."

Walinifunga kweli. Mama Zaina walimwachia, maana watu waliojaa uani walikuwa wamesikia yote, na mkubwa aliogopa ghasia. Nilipotoka, kazi hakuna. Nikalima mpunga huko Wamaza hadi mgongo ulipokataa, na sijutii hata siku moja.

Siku hizi vijana wenye darubini, watafiti wa ndege, hunijia nyumbani. Husema, kwa adabu sana, kwamba wanakijiji wafundishwe kuacha mitego. Mimi huwapeleka Lusangi, nikawasimamisha juani katikati ya mashamba yasiyo na mwisho, nikawauliza: ni mtego gani wa mama uliowahi kuangusha mti?